Maswali ninayoulizwa kila wiki: picha za sura na picha za mitindo, kutoka studio ya Old Kampala

Wengi wanaonipigia simu huanza na maswali yale yale, na simu haitoshi kuyajibu vizuri. Mengine ni ya bei na saa, na hayo nitayapitia upesi. Mengine yananigusa sana, kwa hiyo utanisamehe nikikaa hapo muda mrefu zaidi.

Uko Kampala. Mbona unaandika kwa Kiswahili?

Nimekulia kambi ya polisi ya Nsambya. Baba alitoka Arua, mama Tororo, jirani wa kushoto alikuwa Mteso na wa kulia Mkiga. Uani palikuwa na lugha moja tu. Kwa Kiswahili tulicheza, tuligombana, tulitumwa dukani kununua chumvi. Najua wapo watu mjini hapa ambao Kiswahili kinawakumbusha askari na miaka ya bunduki, na siwalaumu, maana waliyoyaona waliyaona. Kwangu mimi ndiyo lugha ambayo mama aliniita nayo niende kula.

Katiba yetu inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005. Hata hivyo, ukitafuta mpiga picha kwa Kiswahili ukiwa Kampala utaletewa studio za Nairobi na Dar es Salaam. Wateja wangu ni Wanubi wa Bombo, Wakongo, Wasomali wa Kisenyi, wafanyabiashara waliotoka pwani ya Kenya, askari na watoto wa askari. Nimewaandikia wao.

Ulianzaje kazi hii?

Kwa pasipoti saizi. Studio ya chumba kimoja, kiti kimoja, kitambaa cheupe ukutani, taa mbili zenye miavuli. Watu walikuja mbio mbio wakiwa na fomu ya shule, ya benki, ya chama cha akiba na mikopo, ya kuomba kazi. Mzee mwenye studio alinipa dakika moja kwa kila kichwa. Katika dakika hiyo ilinibidi nimsalimie mtu, nimfute jasho kwa karatasi laini, ninyooshe kola, nimwambie asogeze kidevu mbele kisha akishushe kidogo, halafu nipige mara mbili.

Kazi hiyo imepungua sana. Siku hizi kitambulisho cha taifa unapigwa picha palepale unapojiandikisha, na simu zimechukua sehemu iliyobaki. Lakini shule yangu ilikuwa ile. Maelfu ya nyuso, zote kwa taa ileile, kitambaa kilekile, umbali uleule. Unapoondoa kila kitu kingine, ndipo unapogundua kwamba hakuna pua mbili zinazopokea mwanga sawasawa.

Mitindo ilinijia kupitia fundi wa nguo wa Kiyembe, rafiki yangu. Alikuwa na magauni kumi na mbili na hakuwa na namna ya kuyaonyesha isipokuwa kuyatundika mlangoni. Tukapiga juu ya paa la jengo, Jumapili, mji ukiwa kimya. Mwanamitindo alikuwa mdogo wake.

Picha ya sura na picha ya mitindo zinatofautianaje?

Waganda huita picha *ekifaananyi*. Neno hilo linatokana na *kufaanana*, ambalo msemaji wa Kiswahili halihitaji tafsiri. Kwangu kazi yote ya picha ya sura imo ndani ya neno hilo. Mtu wa nyumbani kwako akiitazama aseme, bila kufikiri: huyu ndiye. Akisita, nimekosea, hata kama picha ni nzuri kiasi gani.

Katika mitindo nguo ndiyo inayozungumza, na mwili unaipa mwendo. Jicho langu linashuka kwenye pindo, kwenye mshono wa bega, kwenye namna kitambaa kinavyoanguka kutoka kiunoni. Nahitaji mbunifu, mpambaji, msusi, mtu wa kushika taa, na mara nyingi mtu mmoja mwenye pini mdomoni aliyejificha nyuma ya gauni. Kwa picha ya sura tunahitaji kuwa wawili tu, mimi na wewe, na chupa ya chai.

Unaweza kunifanya mweupe kidogo?

Hapana. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi anayeuliza ananong'ona.

Kwanza jambo la ufundi. Huenda hujawahi kupigwa picha iliyopimwa kwa ajili yako. Kamera haijui kwamba inatazama uso. Inapima mwanga na kudhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Ukijaza fremu kwa uso mweusi, kamera inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na ngozi inatoka na rangi ya majivu. Ukimsimamisha mtu yuleyule amevaa kanzu nyeupe mbele ya anga angavu, kamera inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso unakuwa shimo lenye meno. Mtu akiona picha hizo mbili maisha yake yote, atasema "mimi sitoki vizuri kwenye picha" na ataomba aongezewe weupe. Kosa si la ngozi yake hata kidogo.

Hili lina historia. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilisawazisha mashine zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo ziliitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo, na filamu zilitengenezwa ili yeye atoke vizuri. Kilichochangia kuisukuma Kodak kuboresha namna filamu zake zinavyosoma rangi za kahawia na nyeusi ni malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani, ambao bidhaa zao hazikuonekana vizuri kwenye matangazo. Mbao na peremende zilisikilizwa mapema kuliko sisi. Nikilifikiria jambo hili bado linanikasirisha.

Ninachofanya ni hiki. Napima mwanga kwa kipimo cha mkononi, nikikielekeza kutoka shavuni kwako kuelekea kamera, ili kipime mwanga unaokuangukia na si rangi yako. Kama sina kipimo na uso umejaza fremu, napunguza mwanga hatua moja, yaani nusu, chini ya kile kamera inachotaka. Kisha nachukua chanzo kikubwa cha mwanga: dirisha lenye pazia jeupe, au taa ndani ya softiboksi pana, yaani boksi la kitambaa linalolainisha mwanga, nikiisogeza karibu kabisa, pembeni kidogo. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao. Taa ndogo inatoa vidoa vya mng'ao kama jasho kwenye paji la uso. Taa kubwa inautandaza mng'ao huo ukafuata mfupa wa shavu, ukingo wa pua, taya. Sipaki poda mpaka mng'ao uishe wote. Nikiuua, uso unakuwa bapa.

Nilimpiga msichana mmoja kutoka kaskazini, mweusi wa kung'aa kama mpingo uliosuguliwa. Alikuja na kopo la poda yenye rangi ya watu wengine. Nilimwomba aoshe uso, apake mafuta kidogo tu, akae kando ya dirisha saa tatu asubuhi. Sikupiga kwa muda. Nilimwonyesha picha ya kwanza kwenye kioo cha kamera, akaishika kamera kwa mikono miwili, akaileta karibu na uso wake, akanyamaza. Halafu akasema, "Kumbe nina mashavu ya mama." Ile poda aliisahau studio na hakurudi kuichukua.

Na nina sababu ya pili. Miaka kadhaa iliyopita duka moja la nguo lilinunua picha zangu sita. Mkataba ulisema katalogi tu. Miezi miwili baadaye nikiwa kwenye boda, tumekwama kwenye foleni, niliinua macho nikaiona picha yangu kwenye bango kubwa. Mwanamitindo alikuwa amepauliwa mpaka shingo na uso havikuwa vya mtu mmoja, na mikono walisahau kuipauza. Nilimpigia simu. Alikuwa ameshaiona, na mama yake alikuwa ameshamuuliza kama anatumia krimu. Duka lililipa kidogo kwa ajili ya bango, baada ya barua nyingi, lakini kwa ajili ya yule msichana halikuomba radhi. Tangu siku hiyo mkataba wangu una sentensi yenye herufi nzito: rangi ya ngozi haiguswi.

Mwaka 2016 kampuni moja kubwa ya vipodozi iliweka mtandaoni picha ya midomo ya Aamito Lagum, binti yetu aliyeshinda msimu wa kwanza wa Africa's Next Top Model, akiwa kwenye maonyesho ya New York. Matusi ya kibaguzi yakamiminika chini ya picha. Yeye alijibu kwa utulivu, na wengi duniani wakasimama naye. Naitaja kwa sababu wasichana wanaokuja kwangu waliyasoma matusi yale wakiwa shuleni.

Basi unahariri nini?

Chunusi iliyotokea juzi naiondoa. Kovu ulilokua nalo naliacha, isipokuwa uniambie mwenyewe na tuzungumze. Uzi uliochomoza kwenye pindo, unywele uliovuka jicho, alama ya soksi kwenye mguu, hayo yote naondoa. Sipunguzi kiuno wala siongezi makalio.

Saa gani ni nzuri kupiga nje?

Kampala iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua letu halibadiliki sana mwaka mzima. Linachomoza kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, linazama muda kama huo jioni. Ile saa ya dhahabu, mwanga laini wa jua likiwa chini, ambayo wapiga picha wa Ulaya huimba habari zake, kwao hukaa muda mrefu. Huku inapita kama mgeni mwenye haraka. Jua linashuka wima na giza linaingia mara moja. Ukipanga kuja saa kumi na moja jioni ukafika saa kumi na mbili kasoro kwa sababu ya foleni ya Jinja Road, tumebaki na nusu saa.

Saa sita mchana, hasa karibu na Machi na Septemba jua linapokuwa utosini kabisa, macho yanageuka mapango. Wakati huo naingia chini ya baraza, au mlangoni: simama hatua moja ndani ya kivuli ukitazama nje, mwanga wa uwanja utakurudia usoni. Lakini angalia chini kuna nini. Udongo wetu mwekundu hurusha wekundu kwenye kidevu na kwenye nguo nyeupe. Majani hurusha kijani. Mara nyingi mfukoni mwangu mna shuka jeupe la kutandika chini mbele ya miguu yako. Linafanya kazi kuliko vifaa vingi vya bei kubwa.

Siku ya mawingu msighairi! Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, anga lote linakuwa pazia moja jeupe. Picha zangu nyingi ninazozipenda ni za siku ambazo mteja alipiga simu kuuliza kama tuahirishe.

Nivae nini?

Kile ambacho watu wako wanakujua nacho. Nina maelezo matatu tu ya nyongeza.

Gomesi, vazi la akina mama wa Uganda, inahitaji muda. Inasimuliwa kwamba ilianza mwaka 1905 kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza, ikashonwa na fundi Mgoa aliyeitwa Gomes, na jina likabaki. Ina shingo ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto, mabega yaliyochongoka, na mshipi unaofungwa chini ya kiuno, huku ndani kukiwa na kikoi kinachoipa nyonga umbo. Mabega yale yakilala, vazi zima linalala. Kwa hiyo usiikunje kwenye mfuko wa plastiki. Ilete kwenye hanga, uivalie studio. Ukiketi, mshipi unapanda na kukunjamana, kwa hiyo mwenye gomesi nampiga akiwa amesimama, mwili umegeuka kidogo ili ncha ya bega moja ikate mandhari ya nyuma.

Kanzu ya huku ina tarizi nyekundu iliyoiva shingoni na kifuani. Nguo ililetwa na wafanyabiashara wa pwani pamoja na jina lake, na leo hakuna bwana anayekwenda kujitambulisha ukweni Buganda bila hiyo. Shida yake ni weupe karibu na uso, kama nilivyoeleza juu. Nazuia mwanga usianguke sana kifuani kwa kuweka kipande cha kitambaa cheusi chini ya taa.

Gurbaba ya mama zetu wa Kinubi ina rangi nyingi na michoro mikubwa. Hapo mandhari ya nyuma iwe kimya kabisa, rangi moja ya udongo au kijivu. Nimeona picha ambamo gurbaba, zulia na pazia vinapigania macho yako, na bibi aliyevaa amepotea katikati.

Miwani lete. Kama unaivaa kila siku, picha isiyo nayo haifanani nawe.

Umewahi kupiga mavazi ya lubugo? Inaruhusiwa?

Ndiyo, na kwa heshima. Lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ni kazi ya kale ya Buganda. Gome huvunwa msimu wa mvua, shina likafunikwa kwa majani ya mgomba lipone na kuota gome jipya, kisha gome lililovunwa linapigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kutoka mifereji mipana hadi myembamba, mpaka linakuwa laini na la rangi ya matofali. UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Wenye kazi hii kwa jadi ni ukoo wa Ngonge.

Ni kitambaa cha wafalme, na pia ndicho wafu wengi wa Buganda huzikwa nacho. Kwa hiyo kabla ya kumvisha mwanamitindo namuuliza yeye na nyumbani kwao kama moyo wake uko sawa. Wawili wamenikatalia, na nikawaheshimu.

Kwa macho ni raha tupu. Hakina uzi wala nyuzi za kusokotwa, kwa hiyo mwanga unaoparaza kutoka pembeni unaonyesha mishipa ya mti, mashimo madogo, viraka vilivyoshonwa kwa mkono. Mbunifu mmoja alileta koti refu la lubugo. Tulipoliweka kando ya dirisha, msaidizi wangu alilinusa akasema linanuka shamba baada ya mvua. Nikazima taa zote, tukapiga kwa dirisha peke yake, kasi ya moja kwa sitini ya sekunde, mwanamitindo ameambiwa ashike pumzi. Kamera ikiachwa ijichagulie rangi hukifanya kitambaa hiki kiwe cha machungwa. Nasawazisha kwa karatasi nyeupe kwanza.

Bibi yetu hataki kupigwa picha. Tufanyeje?

Muulizeni kwa nini, kisha mnyamaze amalize.

Familia moja ya Bombo ilinialika nyumbani. Bibi aligeuza uso ukutani kila nilipoinua kamera. Wajukuu wakamsihi, nikaomba watoke nje. Niliweka kamera chini ya mkeka, nikamsaidia kuchambua mchele. Baada ya muda mrefu akasema, "Mwanangu, nilipigwa mara moja tu. Picha ile niliiona tena siku ya msiba wa mume wangu. Tulikuwa wawili, wakanikata, wakamweka yeye peke yake kwenye jeneza. Najua mnataka yangu ya nini."

Alikuwa na haki. Hapa kwetu picha nzuri ya mzee mara nyingi hutafutwa kwa ajili ya tangazo la msiba, la gazeti na la fulana. Nilimwambia ukweli, kwamba watoto wake huenda wataitumia siku hiyo, lakini nitachapa moja kubwa wiki hii, itundikwe hapa sebuleni, aitazame yeye mwenyewe akiwa hai, na aamue nani akae naye ndani yake. Akafikiri. Akaingia ndani akarudi na gurbaba ya kijani, na ile sinia yake ya ukindu aliyoisuka mwenyewe. "Nipige na hii. Wao nitawaita baadaye."

Alikaa kizingitini, miguu imenyooshwa, sinia mapajani. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwenye viungo, na kimoja kilikuwa na rangi ya zambarau ya ukindu ambayo haikutoka. Nilipiga kumi na moja. Ya saba ndiyo iliyotundikwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa familia ni hili: chapisheni picha, mpeni mzee aione. Usimpige kwa ajili ya siku asiyokuwepo ukamnyima siku alizo nazo.

Bei ni kiasi gani?

Nakutumia orodha ukiniambia unataka nini. Nusu unalipa kwa simu siku ya kuweka nafasi, nusu siku ya kupokea. Gharama haimo kwenye kubonyeza kitufe; imo kwenye kodi ya chumba, mpambaji, betri, usafiri, na siku mbili za kuchagua na kuhariri. Sifanyi kazi bure kwa ahadi ya kutajwa jina. Kwa mbunifu anayeanza naweza kubadilishana, nguo kwa picha, tukiandikiana.

Nitazipata lini?

Picha za sura siku saba. Za mitindo wiki mbili.

Picha zikishapigwa ni za nani?

Kwa sheria ya haki miliki ya Uganda ya 2006, picha ni kazi inayolindwa. Ila ukiniagiza na kunilipa, sheria hiyo inaweza kukupa wewe haki kama hatujaandikiana vinginevyo. Ndiyo maana tunaandikiana kila mara. Kwenye karatasi yangu haki inabaki kwangu, nawe unapewa ruhusa ya kuzitumia nyumbani na mtandaoni bila kikomo. Kwa biashara tunataja wapi na kwa muda gani. Kwa upande mwingine, uso ni wako. Sheria ya kulinda data na faragha ya 2019 inataka ridhaa yako kabla taarifa zako hazijatumiwa, na mimi nauhesabu uso kuwa taarifa ya kwanza ya mtu. Siweki picha ya mteja popote bila sahihi yake. Ukinitumia ujumbe kesho kwamba umebadili mawazo, naiondoa siku hiyohiyo, sikuulizi sababu.

Binti yangu ana miaka kumi na sita na anataka uanamitindo. Niamini nini?

Nakushukuru kwa kuuliza kabla. Mzazi au mlezi anakaa studio muda wote, si nje kwenye gari. Kuna chumba cha kubadilishia chenye komeo la ndani. Hakuna anayegusa nguo iliyo mwilini isipokuwa amemwambia kwanza na amekubali. Nguo zote mnaziona kabla ya siku. Na mtu yeyote, awe wakala au mpiga picha, akitaka picha za nguo za ndani za mtoto, au akidai ada kubwa ya kumsajili kabla ya kazi yoyote, ondokeni. Kazi halali inamlipa mwanamitindo.

Nimesikia mengi kwa wasichana waliopita mikononi mwa watu wabaya kabla ya kufika kwangu. Sitayaandika hapa kwa kuwa ni yao. Lakini komeo lile nililifunga kwa sababu yao.

Ninunue kamera gani?

Ya mtumba iliyotunzwa, na lenzi ya milimita 50 yenye tundu pana la kuingizia mwanga, f/1.8. Hiyo ndiyo lenzi ya bei nafuu kuliko karibu zote, na inatosha kwa miaka mitatu ya kujifunza. Baadaye, kwa sura, tafuta ya 85: inakuruhusu usimame mbali kidogo, na pua haivimbi. Fedha inayobaki nunua diski ya pili ya kuhifadhia picha, na uiweke nyumba nyingine. Umeme ukirudi kwa kishindo unaweza kuua vyote vilivyochomekwa pamoja.

Jihadhari na unyevu. Tunaishi kando ya Nalubaale, ziwa ambalo ramani huliita Victoria, na lenzi iliyofungiwa kwenye begi la ngozi huota ukungu ndani kama utando wa buibui. Itunze kwenye boksi la plastiki lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, na uitoe ipate mwanga kila wiki.

Nitazame kazi za nani?

Anza nyumbani. Musa Katuramu, seremala na mwalimu wa Mbarara, alipiga watu wa Ankole tangu miaka ya 1930. Watazame wanavyosimama mbele yake: hawaogopi, kwa sababu ni jirani yao. Sarah Waiswa, aliyezaliwa Uganda na kufanya kazi Nairobi, alishinda tuzo ya ugunduzi kule Arles, Ufaransa, mwaka 2016 kwa picha za mwanamke mwenye ualbino. Kisha vuka kwenda Bamako, Mali, kwa Seydou Keïta, aliyefungua studio yake 1948 na mara nyingi alitumia shuka la kitandani lenye michoro kuwa mandhari ya nyuma. Tazama anavyopanga mikono ya watu. Mimi nilijifunza mikono kwake.

Unapiga arusi?

Hapana. Wapo wanaoziweza kuliko mimi. Bibi na bwana wakija studio wiki moja kabla, nawapokea kwa furaha.

Nina picha moja tu ya marehemu baba, imeharibika. Unaweza kuitengeneza?

Ilete usiitoe kwenye fremu kama imegandana na kioo. Ukivuta, uso unabaki kwenye kioo. Mimi naipiga upya ikiwa humohumo, kwa taa mbili za pembeni zisizorusha mng'ao. Mikwaruzo naiziba, rangi iliyofifia nairudisha kadiri ilivyobaki. Mahali ambapo unyevu umekula kabisa, kwa mfano jicho, sichori jicho jipya, hata kompyuta ikijitolea kulibuni. Nitakuuliza kama kuna ndugu anayefanana naye, tukae naye mezani tutazame pamoja, na ukiamua tuache palivyo, nitachapa pakiwa vilevile.